Nani anauza mlima wetu? Toka kibao cha njiani mpaka mnada wa Google

Najua nimekuwa kimya. Test zilitubana, bumu likachelewa, bando nalo ndio hivyo tena... Leo nimekuja na historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo tafuteni chai kabisa.

Kwenye semina yetu ya historia kundi letu lilipewa mada hii: linganisha matangazo ya mtandaoni na matangazo ya zamani. Wenzangu wakakimbilia jedwali. Huku faida, huku hasara, mtandao rahisi, gazeti ghali, redio inafika kijijini, basi, tukale. Mi sikuona raha. Jamani, si tunakaa Moshi? Asubuhi kabla mawingu hayajashuka, ukichungulia dirisha la hosteli unauona mlima ambao jina lake limeuza bia, maji ya chupa, kahawa, mbio na safari za wageni. Nikasema ngoja nifuate jina hilo moja tu, Kilimanjaro, nione limetangazwa na nani, kwa njia gani, na hela imeishia wapi. Naona hapo tofauti ya zamani na sasa inaonekana vizuri kuliko kwenye jedwali.

Habari ya kwanza ya mlima huu kufika Ulaya kwa maandishi ya mtu aliyeuona haikuaminiwa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona mlima wenye weupe juu, akaandika kwamba ni theluji. Taarifa ilipochapwa London mwaka 1849, wataalamu wa jiografia wa kule, hasa William Desborough Cooley, wakambeza. Theluji karibu na ikweta, wapi na wapi! Ikabidi aje Baron Karl Klaus von der Decken mwaka 1861 na 1862 kupima mwenyewe ndipo ubishi ukaanza kupoa. Sasa angalia hapo. Mchaga anayeamka na Kibo kila siku hakuulizwa na mtu. Mlima ukawa na theluji pale tu London ilipokubali. Nimeanza na hilo makusudi, manake mengi yaliyofuata nayaona ni hayohayo yamebadili nguo.

Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, na Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Kama hilo si tangazo, ni nini? Tena la bure, kwenye sehemu ya juu kuliko zote Afrika. Kule Marangu anayekumbukwa ni Yohani Kinyala Lauwo, mwongozaji aliyefariki mwaka 1996, lakini jina lake halikuwekwa kwenye ramani. Jina la mfalme lilikaa mpaka uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera na Mwenge pale juu, na kilele tukakiita Uhuru.

Baada ya hapo mlima uliuzwaje? Kwa miaka mingi biashara ya kupandisha wageni ilipita sana kwenye hoteli mbili za Marangu, Kibo Hotel na Marangu Hotel. Mgeni aliandika barua, au alikwenda kwa wakala mjini kwao akapewa kijitabu chenye picha, au alisoma kitabu cha wasafiri. Mwandishi wa kitabu cha aina ya Lonely Planet akikusifia kwa mistari miwili, umekula miaka kadhaa. Asipokutaja, hujulikani. Na wageni wengi walipitia Nairobi, kwa sababu ndege na mawakala wakubwa walikuwa kule. Si mnaijua ile picha ya tembo wa Amboseli na Kibo nyuma yao? Imepigwa upande wa Kenya, na imewafanya watu wengi wa mbali waamini kuwa mlima uko Kenya. Tanzania ikajenga uwanja wa ndege wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, ili mgeni ashukie hapahapa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, ndipo tulipoona vizuri jinsi tulivyokuwa tumemtegemea jirani atutangazie.

Bodi ya Utalii ikaja baadaye na kaulimbiu ya nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti, ikatangaza mpaka CNN. Wazo lilikuwa zuri tu: litaje jina la mlima na jina la nchi pamoja, asiyejua ajue. Lakini matangazo ya hivyo yanataka hela ya serikali. Mwongozaji wa Mamba au Machame aliyetaka kujitangaza mwenyewe alikuwa na mdomo na kibao, basi.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye kibao.

Baba yangu mdogo ni mchoraji wa mabango, kibanda chake si mbali na soko la Mbuyuni. Nimekua naona kazi ile. Anavuta uzi uliopakwa chaki juu ya bati ili herufi zisipande mlima, anachora kwa penseli, halafu anajaza rangi ya mafuta kwa brashi ndogo, taratibu, redio ikiimba pembeni. Amechora vichwa vya saluni, meno ya daktari wa meno, ng'ombe wa bucha, na Kibo nyingi sana. Kibo yake ina theluji mpaka mabegani, kuliko hata ya kweli ya siku hizi. Nikimtania kuhusu hilo anasema mteja akilipia mlima, apewe mlima wote.

Miaka yake ya neema ilikuwa ile ya kampuni za simu kupaka kuta. Kuna ukuta mmoja wa duka njia ya kwenda Himo anaoupenda kuusimulia. Aliupaka rangi za Celtel. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, akaitwa tena. Mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, akaitwa mara ya tatu. Ukuta uleule, hela mara tatu! Anasema hajawahi kuombea kampuni zibadili majina kama kipindi kile.

Sasa fuata hela ya kibao kimoja. Mteja analipa mchoraji. Mchoraji ananunua bati na rangi dukani mjini, seremala anapata ya fremu, fundi wa kuchomelea anapata ya nguzo, Manispaa inachukua ushuru wake wa mabango. Hela inazunguka hapahapa kama daladala. Ubaya wake ni kwamba kibao hakitembei. Kimesimama Marangu Mtoni kinawaambia watu waliokwishafika Marangu Mtoni. Na mwenye kibao hajui nani amekisoma, nani amepita akiangalia simu.

Mdomo nao una historia yake. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani aliyetunga hakuwahi kushuka stendi ya Moshi. Pale kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena vinakuvuta begi. Mpiga debe anauza siti ya basi ambalo halijafika, na pembeni yake wako vijana tunaowaita flaikacha, kazi yao kumnasa mgeni akiwa bado anashangaa na kumpeleka kwenye ofisi ya safari kwa kamisheni. Tunawasema vibaya, na wengine kweli ni matapeli. Lakini shikeni hilo neno kamisheni, litarudi likiwa limevaa suti.

Redio na televisheni nitazipita haraka. Mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, redio ya nchi ilikuwa ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1994 Reginald Mengi, mtoto wa Machame, akaanzisha Radio One na ITV, na matangazo ya biashara yakaanza kuingia sebuleni kwetu kwa fujo. Jina la mlima nalo likapanda bei: bia ya Kilimanjaro mwaka 1996, Kilimanjaro Marathon mwaka 2003, maji ya Kilimanjaro yanayojazwa na Bonite hapahapa Moshi. Ajira zimepatikana, sina neno. Ila nakumbusha tu kwamba mlima haudai chochote kwa kutumiwa jina.

Kahawa ndiyo ilinishangaza kuliko vyote. Wakulima wa hapa walijiunga mapema, chama cha KNPA mwaka 1925, halafu KNCU mwaka 1933. Babu zetu walijua kulima, kukoboa, kupima, na walijua mnada. Kahawa ilikusanywa Moshi, ikaonjwa na waonjaji, ikapangwa madaraja, wanunuzi wakashindana kwa dola kwa kila kilo 50. Kujitangaza kwa mnywaji wa mwisho hawakujua, na kwa kweli hawakuwa na njia. Aliyewatangazia ni nani? Sinema! Mwaka 1952 Hollywood ilitoa filamu kutokana na hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936 yenye jina la theluji za Kilimanjaro. Filamu ikafika Japani, jina likawakaa Wajapani midomoni, na wauza kahawa wa kule wakaanza kuiita kahawa ya Tanzania Kilimanjaro. Mpaka kanuni zao za biashara zinasema kahawa ya Arabika ya Tanzania inaweza kuuzwa kwa jina hilo, isipokuwa ya Bukoba, na kahawa ya kuchanganya inaruhusiwa kubeba jina ikiwa na angalau asilimia 30 ya hiyo ya Tanzania. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga au Mbozi inaweza kunywewa Tokyo ikiitwa Kilimanjaro. Na kikombe kingine kina asilimia 70 ya kitu kingine kabisa, na jina ni letu. Hilo ndilo tangazo la zamani kwenye ubora wake: linafika mbali ajabu, lakini mwenye jina hana mkono ndani yake.

Haya, tuje mtandaoni.

Tangazo la kwanza la picha kwenye tovuti linalokumbukwa ni la AT&T, tarehe 27 Oktoba 1994, kwenye tovuti ya HotWired ya Marekani. Ile bado ilikuwa kama kibao, unalipia nafasi. Mapinduzi yalikuja mwaka 1998 pale GoTo.com ilipoanza kunadi nafasi za juu kwenye majibu ya utafutaji. Google ikaleta AdWords Oktoba 2000, na mwaka 2002 ikaingiza mnada wa kulipia kila mtu anapobonyeza. Yaani kumbe mnada! Mtoto wa Moshi nikasoma hapo nikacheka peke yangu maktaba.

Unavyofanya kazi ni hivi. Mtu aliyekaa London anaandika "kupanda Kilimanjaro" kwa Kiingereza. Kabla ukurasa haujafunguka, kampuni zote zilizoweka dau kwenye maneno hayo zinashindanishwa. Hashindi mwenye hela nyingi peke yake. Google inaangalia dau pamoja na ubora wa tangazo na ukurasa wako, kama unafunguka haraka, kama unajibu alichouliza mtu. Mshindi halipi dau lake lote, analipa kiasi cha kumpita aliye chini yake. Na analipa pale tu mtu anapobonyeza. Tofauti na mnada wa kahawa ni kwamba kule mkulima wa Kibosho ndiye mwenye gunia linalonadiwa. Huku kinachonadiwa ni kujitokeza mbele ya mtu aliyetaja mlima wetu, na muuzaji yuko California.

Kaka yangu ni gaidi (si wa mabomu jamani, wa kupandisha wageni). Alianza kama mpagazi, akawa msaidizi, akapata leseni, na mwaka 2016 wakafungua kampuni ndogo yeye na rafiki zake wawili. Kabla ya hapo wageni wake waliletwa na wakala mmoja wa Ulaya ambaye sitamtaja. Mgeni alilipa kule, wakala akakata chake kwanza, fungu nono, kilichobaki ndicho kilichofika Moshi kugawanywa kwa hoteli, ada za hifadhi, chakula na watu 12 waliobeba mizigo. Kaka hakuwahi kuona risiti ya mgeni hata siku moja. Alipotengeneza tovuti yake na kuanza kulipia matangazo Google, kwa mara ya kwanza mgeni kutoka Manchester alimwandikia yeye moja kwa moja. Hilo msilichukulie dogo. Toka enzi za Rebmann, mtu wa mlimani alikuwa anasubiri kutangazwa na mwingine. Safari hii amegonga mlango mwenyewe, na gharama ya kuanza haikuzidi ya kibao kizuri cha barabarani.

Ila mlango una ushuru. Maneno "kupanda Kilimanjaro" yanagombaniwa na mawakala wa London na Marekani wenye mifuko mirefu. Hela aliyotenga kaka kwa mwezi ilikuwa inaisha kabla ya wiki mbili, wengine wamebonyeza tu kuangalia bei wakaondoka. Akajifunza kuhama. Akaacha maneno makubwa, akaweka dau kwenye maneno marefu ambayo wakubwa hawayajali sana, mathalani njia ya Lemosho kwa siku 8, au Rongai msimu wa mvua. Wanaoyaandika ni wachache, lakini ni watu waliokwishaamua. Na hapa naukubali mtandao bila ubishi: anajua tangazo lipi limeleta barua pepe ngapi. Baba mdogo na bati lake hawezi kumwambia mteja hivyo.

Baba mdogo naye ana lake la kujibu. Machi 2020 korona ilipoingia na wageni wakapotea, kaka alisimamisha malipo, na siku hiyohiyo akapotea kwenye kurasa za Google za kulipia kama hajawahi kuwepo. Kibao alichochorewa jirani yetu mwaka 2009 hakijalipiwa tena toka siku ile, na kinasomeka mpaka leo, rangi imechujuka tu kidogo. Kibao unanunua. Mtandaoni unapanga, na mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi asubuhi yoyote.

Halafu ile kamisheni niliyosema mshike. Tovuti za kukutanisha wageni na kampuni zinachukua asilimia kwa kila mgeni. Ni flaikacha yuleyule wa stendi, ila havuti begi, ana ofisi ya vioo. Flaikacha wa stendi akichukua chake anakula chipsi mayai hapahapa Moshi. Serikali imeliona hilo kwa upande wake: Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwenye mapato ambayo kampuni za nje zinapata nchini kwa huduma za kidijitali. Ushuru wa kibao ulikuwa unakusanywa na mtu wa Manispaa anayekiona kibao kwa macho yake. Mbonyezo wa mtu wa Manchester nani ataushika?

Linaloniuma zaidi ni la wapagazi, wagumu wenyewe. Mtandao umeweka bei zote kwenye ukurasa mmoja, mgeni anapanga toka ya chini kwenda juu. Ada za hifadhi hazipunguzwi na mtu, chakula hakipungui sana, sasa kampuni inayotaka kuonekana ya bei rahisi inapunguza wapi? Kwa anayebeba. Enzi za kijitabu cha wakala bei zilikuwa za siri na wakala alinyonya. Sasa bei ziko wazi na kila mmoja anamshusha mwenzake. Bahati nzuri ni kwamba mtandao huohuo umesaidia upande wa pili. Mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, uliopo Moshi toka mwaka 2003, una orodha ya kampuni zinazofuata masharti ya malipo na uzito wa mizigo, na mgeni wa mbali anaweza kuikagua kabla hajalipa. Kibao cha barabarani hakijawahi kuandika mpagazi analipwa shilingi ngapi.

Kuna bango moja sijalitaja, na baba mdogo ana wivu nalo. Lile la kilele cha Uhuru, la kumpongeza mgeni kwamba amefika mita 5,895. Ni maandishi kwenye mbao, teknolojia ya zamani kabisa, na limesimama mahali ambapo kwa akili ya biashara usingeweka tangazo, hapapiti watu. Lakini kila anayefika lazima apige nalo picha, na picha inakwenda Instagram ikiwa na jina la mlima na jina la nchi, bila dau wala mnada. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, na kabla mwaka haujaisha ikafika kileleni. Kaka anasema siku hizi wageni wengine wanarusha picha wakiwa bado wanatweta, na mara mbili tayari amepata kundi jipya kutokana na rafiki wa mgeni aliyeuliza chini ya picha: ulipanda na nani? Kwa hiyo amepunguza hela ya Google, akamwomba baba mdogo amchoree kitambaa kidogo chenye jina la kampuni, wageni wakishike pale juu. Baba mdogo amekichora kwa mkono, kwa rangi isiyochujuka, na pembeni ameweka Kibo yake yenye theluji mpaka mabegani.

Haya, taa za maktaba zinazimwa. Walio fildi Rombo na Mwika, nisalimieni huko.